Samaki Asiyemo Kitabuni

Bi Samaki alianza kumtilia shaka yule mwanamume kabla hajafungua kinywa.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Duka lake la samaki wa mapambo lilikuwa na matangi ishirini na sita ya vioo, yamepangwa ngazi tatu kila ukuta, taa zinawaka na mapovu yanapanda, na hakuna mtu aliyewahi kuingia mle mara ya kwanza asiangaze macho huku na huku kama mtoto. Huyu hakuangaza. Alisimama mlangoni na ndoo mkononi, akamtazama yeye usoni, kwa makini, kama mtu anayelinganisha sura na habari alizosimuliwa. Kisha ndipo akasogea, akaiweka ndoo juu ya meza na kuondoa kifuniko.

Ndani mlikuwa na samaki watatu, hakuna aliyezidi kidole cha mwisho kwa urefu, wote rangi ya majivu yaliyolowa. Akasema angependa kujua ni samaki gani hao, na ni samaki gani wengine anaoweza kuwachanganya nao wasije wakauana. Alisema kwa upole sana. Upole wenyewe ukamzidishia Bi Samaki shaka.

Jina hilo alipewa na mtaa. Alikuwa na miaka thelathini na minne, hana mume wala mtoto, na alizijua tabia za samaki kuliko za binadamu. Alichukua kioo chake cha kukuzia, akamhamishia samaki mmoja kwenye bilauri ya maji, taratibu, asije akashtuka, akamwinamia. Mdomo ulikuwa umekaa chini kidogo, mdomo wa kukwangua mwani kwenye mawe. Pezi la mgongoni lilikuwa refu, limejaa miiba. Akamweleza mgeni wake kwamba hao ni ndugu wadogo wa perege, wale wa ziwani ambao wafanyabiashara huwaita sikilidi. Kwamba aina zao ni mamia kwa mamia. Na kwamba wakiwa wachanga wengi wao huvaa kijivu hicho hicho, hata mwenye kuwazalisha huweza kupotea.

Alipomuuliza amewatoa wapi, yule bwana alijibu kwamba yeye ni fundi wa lifti, na kwamba katika jengo mojawapo analolihudumia kuna mpangaji alihama akawaacha. Akamuuliza walikuwa wakiishi kwenye maji ya namna gani. Hapo alijibu upesi: maji magumu, yanayoacha chokaa kwenye kioo, na yalikuwa yakibadilishwa theluthi kila wiki.

 Lakini mtu aliyeokota samaki waliotelekezwa anajuaje maji yao hubadilishwa kiasi gani, na lini? Hilo Bi Samaki aliliweka moyoni.

"Siwezi kukutafutia wenzao kabla sijajua wao ni nani," alimwambia. "Kuna anayekula mwani na kuna anayekula wenzake, na wakiwa wadogo wote wana sura ya malaika. Niachie mmoja. Nitamlea hapa mpaka atoe rangi yake, ndipo nikwambie. Ni miezi miwili, au mitatu."

Yule fundi alionekana kama mtu aliyepewa alichokuja kukitafuta, akaogopa kukipokea. Akasema basi, atakuwa akipita kila Jumamosi kumjulia hali.

Kuwashuku watu haikuwa tabia ya Bi Samaki ya kuzaliwa. Alifundishwa, na mwalimu wake alikuwa mchumba. Mama yake alimbandika mchumba huyo jina la Bwana Safari, maana alikuwa akiuza vifaa vya hospitali, wiki mbili yupo, wiki mbili hayupo. Alisema anaishi peke yake katika chumba cha kupanga. Uchumba ulidumu mwaka mmoja na nusu, kadi za harusi zikawa zimeshachapishwa. Kisha asubuhi moja simu ya dukani ikalia, na sauti ya mwanamke ikamwambia kuwa mwanamume anayeandaa naye harusi ana mke na watoto, na mke mwenyewe ndiye huyo anayezungumza. Alizungumza dakika tatu bila kupumua. Alimwita mvunja nyumba, akamwita na mengine yasiyoandikika, akakata simu kabla Bi Samaki hajapata hata mwanya wa kuingiza neno. Siku hiyo hiyo alivua pete. Kadi alizichana kwa mkono wake, moja moja, mama yake akiwa amekaa pembeni anamtazama. Ilikuwa imepita miaka miwili, na bado kulikuwa na asubuhi alizoamka na lile neno sikioni.

Basi fundi akaja Jumamosi ya pili, na ya tatu, na ya saba. Alikuwa akiinama mbele ya tangi dogo lililo karibu na dirisha, anamtazama yule samaki wa kijivu, na Bi Samaki upande wa pili anamtazama yeye. Mara nyingine macho yao yalikutana ndani ya maji, kupitia vioo viwili, na kila mmoja akajifanya alikuwa akiangalia samaki.

Alikuwa na mikono mikubwa yenye makovu madogo ya nyaya, na mikono hiyo haikujua kukaa bure. Pampu moja ya hewa ilikuwa ikinguruma tangu mwaka uliotangulia. Aliiwekea kipande cha mpira chini, ikanyamaza. Alimsimulia jinsi watu wanavyokwama ndani ya lifti, kwamba wakubwa wa ofisi ndio wa kwanza kulia, na kwamba yeye huketi juu ya paa la lifti na kuwauliza wamekula nini asubuhi, wakishaanza kusimulia woga huwatoka. Bi Samaki akacheka. Alicheka mpaka akajishika, kisha usiku mzima akajilaumu kwa kucheka, kwa sababu Bwana Safari naye alikuwa na hadithi tamu za kazini.

Na alikuwa na sababu. Fundi alikuwa hasemi habari za nyumbani kwake. Akiulizwa anaishi na nani, alisema na ndugu, akageukia samaki. Siku moja simu yake iliita mezani, na kabla hajaigeuza kifudifudi Bi Samaki aliwahi kuona maandishi ya anayepiga: Nyumbani. Fundi akatoka nje kuipokea. Kupitia kioo cha dirisha alimwona akizungumza kwa sauti ya chini, ameinama, kama mtu anayembembeleza mtoto.

Mama alikuwa na mashaka makubwa kuliko ya mwanawe, na hakuyaficha. Alisema mwanamume anayekatiza mitaa kila Jumamosi kwa ajili ya samaki wa ukubwa wa kidole, hafuati samaki. Bi Samaki akamjibu kuwa huyo ni mteja tu. Mama akasema hajawahi kuona mteja anayemfanya mwenye duka abadili hereni. Kisha, bila kumshauri mtu, akamwita kaka yake, yaani mjomba wa Bi Samaki, dereva mstaafu aliyejuana na walinzi wa nusu ya majengo ya mji, akamtuma aulize.

Mjomba alirudi Jumatano jioni. Alikataa kukaa. Alisema fundi anaishi ghorofa ya nne katika jengo lililo nyuma ya kiwanda cha sabuni. Humo ndani kuna mwanamke na watoto wawili. Nguo zao na ovaroli ya fundi huanikwa kamba moja.

"Mwanangu," mama alisema mjomba alipokwisha kuondoka, "safari hii tumejua mapema."

Bi Samaki hakulia. Alikuwa amechoka kulia kwa jambo la namna moja. Alikwenda kulala akiwa ameshaamua kwamba Jumamosi atamrudishia samaki wake na kumwonyesha mlango, basi.

Lakini asubuhi yake, Alhamisi, alipowasha taa za duka alimkuta yule samaki amegeuka. Kijivu kilikuwa kikimtoka mabegani kama vumbi linalopanguswa. Chini yake palikuwa na manjano, manjano ya ganda la limau, na juu ya manjano hayo mistari myeusi iliyokatika katikati, kila mmoja umevunjika mahali pale pale. Bi Samaki alivuta kigoda, akakaa.  Hakuwa na haja ya kufungua kitabu.

Jumamosi fundi alipoingia, alimkuta amesimama kando ya tangi la dirishani, amekunja mikono.

"Mtazame," akamwambia.

Fundi aliinama. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na alipoinuka uso wake ulikuwa umemshuka.

"Ametoa rangi," akasema.

"Ametoa. Na samaki huyu hayumo katika kitabu chochote, kwa sababu nilimtengeneza mimi, kwa uzembe wangu. Miaka mitatu iliyopita niliacha aina mbili katika tangi moja, nikadhani hawatajuana. Wakajuana. Wakatoka watoto wa manjano wenye mistari iliyokatika. Mfugaji mwenye heshima zake hauzi samaki wa namna hiyo, maana atakayemnunua ameuziwa uongo. Sikuuza hata mmoja. Wote kumi na mmoja nilimpa mtu mmoja, pamoja na tangi lao. Unajua nilimpa nani?"

"Najua."

"Amekutuma?"

"Hajanituma mtu."

"Ni rafiki yako? Mnafanya kazi pamoja? Mlikaa mahali mkanicheka?"

"Alikuwa shemeji yangu," fundi alisema. "Yule mwanamke aliye nyumbani kwangu, najua umeshaambiwa habari zake, maana mjomba wako alimuuliza mlinzi na mlinzi akaniambia. Yule ni dada yangu. Ndiye aliyekupigia simu."

Bi Samaki akatafuta pa kushika, mkono ukaangukia ukingo wa tangi, maji yakatikisika na samaki wote wakakimbilia upande mmoja.

Fundi alimweleza yote akiwa amesimama, macho chini. Dada yake alimwacha mumewe mwaka uliopita, akaja kwake na watoto wake mapacha, masanduku matano na tangi la samaki ambalo watoto walikataa kuliacha. Walipokuwa wakilipandisha, aliona nyuma ya kioo karatasi ndogo yenye jina la duka na namba ya simu, na namba hiyo aliitambua, kwa sababu dada yake aliwahi kumsomea huku analia. Dada mwenyewe hakuiona. Fundi aliikwangua kwa kisu asije akaiona. Lakini yeye alikuwa ameshaiona, na kwa miezi mingi haikumtoka kichwani.

"Nilikuja kukuona," alisema. "Nilitaka kumwona mwanamke aliyeivunja nyumba ya dada yangu. Nilikuwa nimeandaa maneno, nimeyapanga vizuri."

"Mbona hukuyasema?"

"Ulichukua dakika kumi kumtoa samaki mmoja kwenye ndoo kumtia kwenye bilauri, asishtuke. Nikasema nitayasema Jumamosi ijayo."

"Na Jumamosi ijayo?"

"Nikasema hivyo hivyo."

"Miezi mitatu ulikuwa ukinipeleleza."

"Mwezi wa kwanza nilikuwa nakupeleleza. Miwili iliyofuata nilikuwa nakuja tu. Kila nilipofika pale mlangoni niliomba huyu samaki abaki kijivu, kwa sababu nilijua siku atakayotoa rangi ndiyo siku nitakayokukosa."

Moyo wa Bi Samaki ulitaka kulegea; akaukaza. Alimwambia kwamba naye Bwana Safari aliingia na uongo mdomoni, tofauti yao ni kwamba huyu ameubeba kwenye ndoo. Alimwambia alikuwa na Jumamosi kumi na mbili za kusema kweli, akazitumia zote kunyamaza. Alimwambia amchukue samaki wake aende zake. Aliyasema yote hayo kwa sauti ya kawaida, na hiyo sauti ya kawaida ilimuumiza fundi kuliko kelele.

Fundi hakujitetea. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Sitakusumbua tena. Ila nina swali moja, wala si kwa ajili yangu. Kule nyumbani kuna jike mmoja hajala wiki mbili. Taya limemvimba. Dume mkubwa anamfukuza kutwa nzima, na mapacha wamenikatalia chakula tangu jana, wanasema anakufa. Dada alijaribu kuwatafutia wenzao, akanunua wale wekundu wa mikia mirefu. Hawakumaliza siku."

Bi Samaki alijikuta anauliza. Je, uvimbe uko chini ya mdomo, kama aliyemeza shanga? Ndiyo. Na mapezi? Yameraruka, la mkiani limebaki nusu. Anakaa wapi? Juu, kwenye kona, hathubutu kushuka.

"Haumwi," akasema. "Ana watoto mdomoni. Wao hulea humo humo mdomoni, hawali mpaka watoto watoke. Akiendelea kufukuzwa hivyo hafiki jioni."

 Kisha akachukua nyavu mbili, kipande cha kioo cha kugawia tangi, na funguo za duka.

Walikwenda kwa miguu, yeye mbele, fundi hatua tatu nyuma. Lifti ya jengo lile ilikuwa nzima kabisa, fundi ndiye aliyekuwa akiitunza. Bi Samaki akapanda ngazi.

Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke mrefu, mwalimu, mkono mmoja umeshika kalamu nyekundu na mwingine daftari la mwanafunzi. Alisema karibu. Neno hilo moja likamtosha Bi Samaki. Sauti ile angeitambua hata katikati ya sokoni. Mwalimu yeye hakumjua. Alimtazama mdogo wake, akasubiri kutambulishwa, na fundi akaanza kusema kwamba huyu ni mtaalamu wa samaki aliyekuja kusaidia.

"Ngoja," Bi Samaki alimkatiza. "Siingii nyumba ya mtu kwa maneno ya nusunusu. Dada, miaka miwili iliyopita ulinipigia simu dukani kwangu. Sikupata nafasi ya kukujibu."

Kalamu nyekundu ilisimama hewani. Uso wa mwalimu ulijifunga polepole, kama duka linaloteremshiwa shata. Alimgeukia mdogo wake.

"Wewe ndiye uliyemleta hapa?"

"Nimekuja kwa miguu yangu," Bi Samaki alisema. "Jibu langu ni fupi. Sikujua. Siku uliyonipigia ndiyo niliyojua, na siku hiyo hiyo niliachana naye. Ukiniamini au usiponiamini, hilo ni lako. Lakini humo ndani kuna samaki atakayekufa nikiendelea kusimama hapa."

Haijulikani mwalimu angejibu nini, kwa sababu mapacha walitokea chini ya mkono wake, msichana na mvulana wa miaka mitano, wakaziona nyavu. Hawakuuliza mtu. Wakamshika mgeni mikono yote miwili, wakamvuta ndani.

Tangi lilikuwa kando ya ukuta wa sebule, na Bi Samaki alilitambua kama mtu anavyoitambua nguo yake mwilini mwa mwingine. Kati ya wale kumi na mmoja walibaki sita, pamoja na watoto wachache wa kijivu waliojificha kati ya mawe. Dume lilikuwa limeteka upande mzima wa kulia. Jike lilikuwa juu kwenye kona, limebana taya, linapumua kwa shida.

Fundi alitaka kusaidia. Bi Samaki akamwambia akae nje kwenye ngazi. Akamgeukia mwalimu, kwa kuwa hapakuwa na mtu mzima mwingine, akampa wavu mmoja.

"Nishikie hapo, usawa wa jiwe. Usimfuate. Nitamleta mimi kwako."

Mwalimu alisita. Kisha akapandisha mikono ya blauzi yake. Wakafanya kazi dakika kadhaa, mikono yao mpaka viwiko imo ndani ya maji yale yale. Mara mbili jike lilipenya. Mara ya tatu likaingia wavuni mwa mwalimu, naye akaduwaa, akauliza kwa kunong'ona afanye nini sasa. Bi Samaki akamwongoza mkono. Waliteremsha kipande cha kioo, wakalitenga jike upande wake, na mapacha wakapiga makofi.

Mwalimu akabaki ameinama juu ya tangi.

"Hawa samaki mume wangu aliniambia ni zawadi kutoka kazini," alisema bila kumtazama.

Bi Samaki alifikiri amfiche. Akaona hapana.

"Ni mimi niliyempa. Aliniambia anaishi peke yake. Alisema akirudi chumbani kunakuwa kimya mpaka anasikia mshale wa saa. Nikamwonea huruma, nikampa samaki wamtoe upweke."

"Kimya," mwalimu alirudia. Aliwatazama wanawe, ambao wakati huo walikuwa wakigombania kigoda kwa mayowe. "Nyumba yangu mimi. Mapacha wa miaka miwili, mmoja halali usiku na mwingine anapiga ngoma kutwa. Alisikia mshale wa saa."

Akaanza kucheka. Alianza kidogo, kwa pua, kisha kicheko kikamshika kabisa, akaweka wavu chini na kushika ubavu. Bi Samaki alijizuia alivyoweza, akashindwa. Walicheka mbele ya tangi mpaka watoto wakaacha kugombana wakawashangaa, na kicheko cha mwalimu kilipofika mwisho kiligeuka kitu kingine, akajipangusa macho kwa mkono uliolowa, akakaa kwenye kochi.

Bi Samaki alimwachia faragha yake kwa kuzungumza kazi. Alimwambia lile dume likae peke yake wiki mbili. Kabla ya kulirudisha wayahamishe mawe yote, likute mji mpya lisioujua, lianze upya kama mgeni. Aongeze majike matatu au manne, ubabe wake ugawanyike. Wale wekundu wa mikia mirefu asiwalete tena, maji haya si yao na mwendo wao ni wa pole mno. Akitaka mwenzao wa kabila lingine, achukue kambare mdogo mwenye madoa, yule hulala mchana chini ya jiwe na hana ugomvi na mtu. Na watoto wa samaki hawa asimpe yeyote nje bila kumwambia ukweli kuwa ni mchanganyiko.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tangu mdogo wangu alipoanza kupiga pasi shati la Jumamosi nilijua kuna mtu," alisema. "Nikafurahi. Sikujua ni wewe."

"Nami sikujua yeye ni nani. Tumejua leo, sote wawili."

"Mimi sijui kama nitaliweza hili. Kukuona hapa kila mara."

"Hata mimi sijui," Bi Samaki alisema. "Bado nina hasira naye."

"Kuwa nayo. Ukitoka hapa nami nitamwongezea zangu."

Fundi alikuwa ameketi kwenye ngazi, ghorofa ya tatu, kichwa mikononi. Alisimama alipomsikia akishuka. Hakumuuliza chochote, na kwa kutouliza alijipatia nafasi ndogo ambayo maneno yasingempatia. Bi Samaki alimwambia kwamba leo hana jibu. Kwanza ataongea na mama yake, maana hataki tena mama yake asikie habari zake kutoka kwa walinzi.

Alimwambia mama yote usiku huo, tangu simu ya zamani mpaka kicheko cha mchana. Mama alikuwa akikunja nguo. Alikunja shuka zima, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mwanamume aliyeingia kwa uongo," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Nawe unamtaka."

Bi Samaki akashika ncha ya pili ya shuka, na mama hakungoja jibu.

"Sitaki kumwona yeye. Nataka nimwone dada yake kwanza. Tulikaa humu ndani miaka miwili tukimlaani mwanamke ambaye naye alikuwa akilia kama sisi. Mwambie aje Jumapili."

Jumapili mwalimu alikuja na mapacha. Alisimama kizingitini amevaa nguo ya kutokea, amekaza uso kama mtu aliyefika mahakamani, akaanza papo hapo kuomba radhi kwa yale maneno ya simu. Mama alimshika mikono yote miwili, akamwambia aingie kwanza, radhi haziombwi watu wakiwa wamesimama.

"Mdogo wangu yuko nje," mwalimu alisema alipokwisha kukaa. "Nimemwambia asivuke mlango huu mpaka mimi na wewe tumalize."

"Akae huko huko," mama alijibu, akausogeza mlango wa sebule ukafungwa.

Bi Samaki alibaki ukumbini. Kupitia dirisha alimwona fundi ng'ambo ya barabara, ameegemea ukuta wa jirani, jua la saa saba limemkalia bega moja, la pili limo katika kivuli chembamba cha paa. Alikuwa akibadilisha mguu, mara wa kulia, mara wa kushoto. Mikono haikuwa na kazi, akaiingiza mifukoni, akaitoa. Hakutazama simu wala wapita njia. Alikuwa akiutazama ule mlango.

Bi Samaki alijiambia atamwacha aive kidogo. Aliweza dakika sita. Akavaa viatu, akatoka, akavuka barabara.

"Wamesema nini?" fundi aliuliza.

"Bado hawajasema kitu. Mama anamsikiliza dada yako."

"Basi rudi ndani, jua kali."

"Nimetoka ndani sasa hivi," Bi Samaki akasema, akaegemea ukuta kando yake, bega kwa bega, akautazama mlango pamoja naye.

 Fundi alijisogeza kidogo upande wa jua, akamwachia yeye upande wenye kivuli.